Nyoka Anapokubana: Kutambua Sababu na Kujinasua kwa Wafugaji wa Chatu na Boa

Simu ililia saa tatu usiku. Alikuwa kijana wa Tanga anayeishi mitaa miwili kutoka kwangu hapa Leicester, Uingereza, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Kaka, ananibana. Hajaniuma, lakini mkono siusikii."

"Amefika wapi?"

"Toka kiganjani mpaka begani."

"Kaa chini, sakafuni kabisa. Mkia wake uko wapi?"

"Huku kwapani."

"Anza hapo. Kichwa kiache."

Baada ya dakika chache alikuwa amemrudisha kizimbani boa wake, nyoka wa Amerika anayebana windo kama chatu; amekaa anasugua vidole vilivyokuwa vimegeuka rangi. Boa mwenyewe alikuwa na urefu wa mita moja na nusu tu. Kijana alikuwa amesimama katikati ya chumba chenye baridi, mkono ameunyoosha, nyoka ananing'inia bila kitu chochote cha kuegemea. Yule nyoka aliogopa kuanguka, akashika alichokipata. "Lakini ni mpole huyu," kijana akawa anarudia. "Mwaka mzima sijawahi kumuona ana hasira."

Kila mfugaji aliyewahi kunipigia simu ya namna hiyo ameniambia neno hilo hilo. Nami najibu vile vile kila mara: upole wa nyoka haukuambii lolote kuhusu nguvu zake. Nyoka mpole ana misuli ile ile aliyonayo nyoka mkali, na ataitumia yote siku akiogopa, akisikia baridi, au akinusa panya kwenye mkono wako. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, kwa sababu anayebanwa hana nafasi ya kusoma kitabu. Usome leo, nyoka akiwa amelala.

Kabla ya dalili: kubana kwenyewe ni nini

Tulikua tukiambiwa kwamba chatu humvunja mnyama mifupa, au humziba pumzi mpaka akakata roho. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Scott Boback wa Dickinson College, Pennsylvania, walichapisha vipimo walivyochukua ndani ya miili ya panya waliotiwa usingizi huku boa wakiwabana. Ndani ya sekunde 6 shinikizo la damu kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, lilikuwa limeshuka kwa nusu, na lile la kwenye vena, inayoirudisha, limepanda mara 6. Moyo ulikuwa bado unapiga, lakini damu haikuwa inakwenda popote. Kwa mfugaji habari hiyo ni nzito. Mtu anayezuia pumzi mwenyewe anaweza kukaa nusu dakika na zaidi akiwa na akili zake timamu. Ubongo uliokatiwa damu huzimika upesi kuliko hapo. Kwa hiyo mzunguko wa nyoka shingoni au kifuani haukupi dakika za kutafakari.

Kundi hilo hilo lilikuwa limeonyesha, mwaka 2012, kwamba boa huhisi mapigo ya moyo ya windo lake. Walipopewa panya waliokwisha kufa ambao ndani yao kuna kifaa kinachodunda kama moyo, walibana kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi kuliko walivyowabana panya wasiodunda. Fikiria mkono wako: una joto, una mapigo, na mapigo hayo hayakomi. Nyoka aliyekosea akaudhani ni panya hapati ile ishara ya kumwambia aachie.

Jambo la pili la kujua kabla ya yote ni ukubwa wa nyoka wako leo, si wa siku uliyomnunua. Mpime urefu, uzito na unene kila baada ya miezi mitatu. Watu hutaja urefu, lakini nguvu ya kubana hupanda na unene wa mwili, kwa hiyo boa mfupi mnene anaweza kukushinda kuliko nyoka mrefu mwembamba. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejikunja kama mpira akiogopa, hukua hadi mita 1 au 1.5 na kilo 2 hivi. Atakuumiza vidole, lakini mtu mzima atajinasua. Boa jike wa mita 2.3 kama Tausi wangu ana kilo 9, na siku akiamua kushika mguu wa meza simtoi kwa mkono mmoja. Chatu wa Burma, chatu wa Afrika na yule chatu wa Asia mwenye michoro ya wavu wako daraja jingine kabisa. Chatu wa Burma huanguliwa akiwa na urefu usiozidi rula mbili za shule, lakini jike akikomaa anaweza kufika mita 5 na kumzidi kilo mtu mzima mwembamba. Medusa, chatu wa wavu wa Kansas City aliyeingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2011 akiwa na mita 7.67, alihitaji watu 15 wa kumshika akinyooshwa.

Wafugaji wengi huanza kuita msaidizi nyoka akifika mita 2.5, kisha huongeza mtu mmoja kwa kila mita 1.5 hivi. Mimi naanza kwenye mita 2. Sababu ni kisa cha Hampshire, hapa hapa Uingereza, mwaka 2017. Mfugaji mzoefu mwenye umri wa miaka 31 alikutwa amefariki chumbani mwake, na uchunguzi wa kifo uliofanywa mwaka uliofuata ukamhusisha chatu wake wa Afrika. Chatu huyo alikuwa na mita 2.4. Alikuwa chini ya kile kipimo ambacho wengi wetu tulikuwa tunakiona salama, na aliyemfuga hakuwa mgeni wa kazi hii.

Dalili: anakaza mkononi, vidole vinafanya ganzi, lakini hajauma

Hii ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyompata kijana wa Tanga.

Tazama kichwa kwanza. Kama kichwa kiko huru, kinatazama huku na huku, ulimi unatoka na kuingia, nyoka huyo hawindi. Amejishikiza. Nyoka anayewinda huanza karibu kila mara kwa kuuma, kisha mwili hufuata kwa kasi, mizunguko ikilaliana juu ya kile alichokiuma. Anayejishikiza hukaza taratibu, mkia ukiwa ndio uliobana zaidi, kama mkwezi anavyoubana mnazi kwa miguu.

Sababu kubwa ni kukosa egemeo. Nyoka mzito anayeshikwa kwa mkono mmoja anahisi nusu ya mwili wake iko hewani. Mpe mikono miwili, mmoja kwenye theluthi ya mbele na mwingine nyuma, na ukae chini kitandani au sakafuni ili akitazama chini asione shimo. Sababu nyingine ni baridi. Mwili wa nyoka huchukua joto la mahali alipo, na akitolewa kwenye kizimba cha nyuzi 30 akaletwa kwenye chumba cha nyuzi 17, mkono wako ndio jiko la karibu. Ataukumbatia na hatataka kuuacha. Pasha chumba moto kwanza, na umtoe kwa dakika 10 au 15, si saa nzima.

Kumtoa: anza na ncha ya mkia, ndiko misuli iliko dhaifu, na uuzungushe kinyume cha alivyojiviringisha, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila kukurupuka. Usivute kichwa. Ukivuta kichwa unamwambia kwamba anaangushwa kweli, naye atakaza zaidi, na unaweza kumuumiza uti wa mgongo. Mara nyingi inatosha kumsogeza karibu na kitu imara, tawi la kizimbani mwake au mgongo wa kiti, akahamia huko mwenyewe.

Pete na saa zivuliwe kabla ya kufungua kizimba. Kidole kilichovimba ndani ya pete huku nyoka amekaza juu yake ni mateso, na pete itaishia kukatwa hospitali.

Dalili: ukifungua mlango tu anarusha kichwa

Mfugaji mgeni husema nyoka wake amekuwa mkali. Kwa boa na chatu waliozoea watu, mara tisa kati ya kumi nimekuta ni njaa na kosa la mwenye nyumba.

Jiulize: mlango huu hufunguliwa wakati gani? Kama unaufungua siku ya chakula tu, umemfundisha kwamba mlango ukilia, panya anakuja. Atakachokiona cha kwanza chenye joto ni mkono wako. Chatu wana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na hata boa wa kawaida, asiye na vishimo vinavyoonekana, analihisi joto vile vile. Gizani mkono wako unang'aa kwake kama kaa la moto.

Dawa yake ni fimbo ya kulabu. Kabla ya kumshika, mguse mwilini kwa kulabu mara mbili tatu, polepole, katikati ya mwili au shingoni, kisha mwinue sehemu ya mbele kwa kulabu hiyo hiyo ndipo mikono ifuate. Siku ya chakula kulabu isionekane kabisa. Baada ya wiki chache atakuwa ameshaelewa kwamba kuguswa ni kushikwa na kutoguswa ni kula, na utaona kichwa kinalegea mara kulabu inapomfikia. Tausi alichukua karibu mwezi na nusu. Usiache hata akizoea. Siku utakayoruka hatua hiyo ndiyo siku uliyotoka kuchoma nyama.

Harufu inakuja pili. Osha mikono kwa sabuni kabla, kila mara, hasa kama umemshika paka, mbwa, sungura au kuku. Osha baada ya hapo pia, maana nyoka hubeba salmonella, vijidudu vya kuharisha, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiwashike hata kidogo.

Kuna kosa moja ambalo halitajwi sana. Panya wa kugandishwa anapoyeyushwa juu juu tu, anakuwa vuguvugu au baridi, na mkono unaomshika unakuwa na joto kuliko yeye. Nyoka hulenga penye joto. Nimeona mfugaji mwenye miaka mingi akiumwa kwa sababu hiyo tu: panya alikuwa mbele, mkono nyuma yake, na nyoka akampita panya. Yeyusha panya kabisa, kisha mtie kwenye maji ya moto kidogo mpaka mwili wake uwe na joto kuzidi kiganja chako, mfute maji, umtoe kwa koleo ndefu isiyopungua sentimita 40. Kwa nyoka mkubwa chukua ndefu zaidi.

Wako wanaomtoa nyoka na kumlisha kwenye boksi jingine ili asiuhusishe mlango na chakula. Kwa nyoka mdogo sina ugomvi nalo. Kwa nyoka wa mita 2 nalikataa, kwa sababu linakulazimu umbebe nyoka ambaye damu ya kuwinda bado inamchemka, na amejaa tumbo, na akishtuka atatapika. Mlishe alipo, funga mlango, mwache saa 48 bila kumshika.

Dalili: ameuma, hajaachia, na amejizungusha

Hapa maelezo yanakuwa mafupi na ya haraka kama tukio lenyewe.

Ita mtu. Piga kelele kabla hujafanya kitu kingine chochote, hata kama unadhani utaweza mwenyewe. Kama mzunguko umegusa shingo au kifua na uko na simu, Uingereza ni 999, Ulaya 112, Marekani 911, Tanzania 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto, Kenya 999 au 112.

Kaa chini au lala. Mtu mwenye kilo 9 zinazocheza mkononi huanguka, na kuanguka na nyoka shingoni ni balaa juu ya balaa.

Usivute mkono ulioumwa. Meno ya boa na chatu yamepinda kuelekea nyuma kama ndoana. Ukivuta, unajichana nyama na kumvunja meno, naye anasikia windo linapapatika, anakaza. Tulia kadiri unavyoweza. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya.

Kama hakuna hatari ya shingo, kimiminika kidogo cha spiriti, pombe kali au dawa ya kusukutua, kikimwagwa mdomoni pembeni mwa taya, humfanya aachie kwa sababu hakipendi. Chupa ndogo ikae juu ya kizimba, si jikoni. Maji ya bomba ya baridi yakimiminwa kichwani husaidia pia. Maji ya moto kamwe. Spiriti isiingie machoni mwake, maana nyoka hana kope za kufumba.

Wakati huo msaidizi anashughulika na mkia. Ncha ya mkia kwanza, anaufungua mzunguko wa mwisho, anashika asiuruhusu ujirudishe, kisha unaofuata. Msaidizi wa pili, kama yupo, anashika nyuma ya kichwa mara kinapoachia. Mkia ukishakuwa mikononi mwa mtu, nusu ya nguvu ya nyoka imeondoka.

Kwetu pwani kuna mtu aliyelijua jambo hili bila kufundishwa. Aprili 2009, huko Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, meneja wa shamba alikanyaga chatu wa porini, akazungushwa na kuburutwa mpaka mtini. Alisimulia baadaye kwamba aliuma ncha ya mkia wa yule chatu kwa meno yake, na kwamba alipolegezewa kidogo alipata kutumia simu yake ya mkononi. Polisi na wanakijiji wakaja, wakamshusha kwa kamba. Nilipoisikia habari ile nilikuwa bado Kilifi, na wazee walitikisa vichwa wakisema amezaliwa mara ya pili. Ninaporudi kuifikiria sasa naona mambo mawili yaliyomwokoa: mkia, na watu wengine.

Kama mzunguko uko shingoni, ingiza mkono au kiganja kati ya nyoka na koo kabla haujakaza, kidevu kikiinamishwa kifuani. Hapo huna tena kazi ya kumhurumia nyoka. Msaidizi afanye lolote linalowezekana, na kama mtu amepoteza fahamu hata kwa sekunde chache, aende hospitali ingawa ameamka anasema ni mzima.

Baada ya yote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, litazamwe vizuri kama kuna jino lililobaki ndani, na uulizie sindano ya pepopunda. Chatu na boa hawana sumu, lakini mdomo wao si safi.

Dalili: anapenda kupanda shingoni

Anapanda kwa sababu mabega ni mahali pa juu penye joto. Hakuna ubaya wowote kwa upande wake. Kwa upande wetu, sikubali. Picha ya nyoka shingoni ndiyo kila mgeni anayoitaka, na mimi husema hapana, hata kwa shemeji zangu. Akiwa chini ya mita moja na nusu mshushe mikononi. Akizidi hapo, asikae juu ya kifua cha mtu yeyote bila mtu wa pili mwenye mikono mitupu chumbani. Na shingo ya mtoto isiwekwe nyoka wa aina yoyote, wa ukubwa wowote.

Dalili: hataki kutoka kizimbani, amejifunga kwenye tawi

Usishindane naye. Utavuta dakika 20 na atashinda. Toa tawi zima pamoja naye, au ondoa kificho, au ngoja jioni anapotembea mwenyewe.

Dalili: alikuwa mtulivu, wiki hii amebadilika

Tazama macho. Yakiwa na ukungu wa samawati, anakaribia kuvua gamba, haoni vizuri, na kila kivuli kwake ni adui. Mwache mpaka amalize. Macho yakiwa safi, kagua utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea karibu na macho na chini ya kidevu, kisha kagua joto la kizimba kwa kipimajoto chako mwenyewe, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Madume huwa na wasiwasi wakati wa kupandana. Akitoa mlio mrefu wa hewa na shingo ameikunja kama herufi S, anakwambia usogee. Sogea. Mabadiliko yasiyoisha baada ya wiki mbili yaende kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka.

Dalili: mfuniko umesogea

Watu hufikiria nguvu ya nyoka kuwa ni ya kubana tu. Nguvu yake ya kusukuma ndiyo iliyoleta misiba mikubwa zaidi. Usiku nyoka hutembeza pua kwenye kila ukingo wa kizimba, na mahali panapotikisika kidogo hurudi tena na tena, akiupachika mwili kwenye ukuta wa upande wa pili na kusukuma kwa urefu wake wote.

Agosti 2013, katika mji wa Campbellton, New Brunswick, Kanada, chatu wa Afrika alitoka kizimbani akapitia njia ya hewa ya jengo na kuwaua ndugu wawili waliokuwa wamelala, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Mwaka 2009, katika jimbo la Florida, chatu wa Burma aliyetoka kizimbani alimuua mtoto wa miaka miwili kitandani mwake. Siwezi kuziandika sentensi hizo mbili bila kuinuka kwenda kuangalia kufuli.

Kwa hiyo ukikuta mfuniko umesogea hata kwa upana wa kidole, au skrubu imelegea, au kioo cha kuteleza kimeacha mwanya, usirudishe na kwenda kulala. Hilo ni tukio. Jiwe au kitabu kizito juu ya mfuniko si kufuli. Weka kufuli halisi yenye ufunguo, na kwa kizimba cha nyoka mkubwa weka mbili, juu na chini. Kisha kitazame chumba chenyewe kama kizimba cha pili: mlango unaofungwa, mwanya chini yake uzibwe, tundu za hewa ziwekewe waya ngumu iliyofungwa kwa skrubu. Panapopita kichwa, mara nyingi mwili hufuata. Na penye watoto au wazee wasioweza kujitetea, nyoka anayezidi mita 2.5 asikae katika nyumba wanamolala. Nimeshapoteza marafiki wawili kwa kulisema hilo waziwazi.

Akishatoroka, funga milango yote na uwaondoe watoto na wanyama kwanza. Mtafute penye joto na pembamba: nyuma ya friji, chini ya hita, ndani ya kochi. Usimtafute peke yako.

Dalili: siku hizi unaogopa kumtoa

Hofu hiyo ina maana. Mara nyingi nyoka hajabadilika, amekua tu. Ukianza kuahirisha usafi wa kizimba kwa sababu huna msaidizi, nyoka ameshakuzidi, naye ndiye anayelipa kwa kukaa kwenye uchafu.

Kwanza tafuta wasaidizi wawili wa kudumu, watu wazima waliofundishwa kufungua mkia, walau mmoja wao anayekaa karibu. Kama huwapati, tafuta mfugaji au kituo chenye nafasi, mapema, maana vituo vya hapa vinajaa. Porini asiachiwe. Chatu wa Burma waliotoroka na kuachiwa huko Florida wamejaa kwenye mabwawa ya Everglades, wanakula wanyama wa huko, na mwaka 2012 Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini chatu huyo na chatu wa Afrika.

Kwa wanaonisoma wakiwa Kenya au Tanzania: chatu wetu ni mnyamapori, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Kenya kibali hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori la serikali, chini ya sheria ya mwaka 2013. Chatu akiingia bandani, wapigie watu wa wanyamapori au kituo cha nyoka kilicho karibu, kama Bio-Ken kule Watamu. Usimfunge kwenye gunia ukafikiri umepata wa kufuga. Chatu wa porini aliyekomaa hana hata ule upole ambao sisi huku tunaukosea kuwa ni usalama.

Jumamosi iliyopita kijana wa Tanga aliniita tumpime boa wake. Alitangulia kuvua pete, akakaa sakafuni kwenye godoro, chumba amekipasha moto. Mita 1.8. Aliandika kipimo ukutani juu ya kizimba, na chini yake namba yangu ya simu na ya jirani yake wa ghorofa ya chini, ambaye wiki hiyo alikuwa amekuja mara mbili kujifunza kufungua mkia.